Mshono wa Patroba

Edeku alifika shuleni saa tano asubuhi, siku ya Jumanne, watoto wa darasa la tatu wakiwa katika hesabu za kugawanya. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa ofisi, akavua kofia, akasimama juani bila kubisha mlango wowote. Edah alimwona kupitia dirishani. Alimfahamu vizuri: mtunza farasi wa kituo cha mifugo kule Tororo, ng'ambo ya mpaka, Mteso kwa kabila, mwenyeji wa Molo, mtu aliyefanya kazi na kaka yake Patroba miaka kumi na zaidi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Edah alitoka nje na chaki mkononi.

"Mwalimu," Edeku alisema, "mimi nakuja na habari mbaya. Patroba hako tena."

"Hayuko wapi?"

"Amekufa. Jana, jua likienda kuzama. Homa imepanda kichwani, siku tatu tu. Hospitali wamejaribu, wameshindwa."

Edah aliuliza ni nani aliyemfumba macho. Edeku akasema ni yeye mwenyewe. Akaeleza kwamba kituo kimetoa lori, na kesho maiti italetwa nyumbani, mke wa marehemu aambiwe atayarishe mahali. Edah alimshukuru. Alirudi darasani, akawaambia watoto wamalize hesabu zilizo ubaoni na wasipige kelele, kisha akaenda kumwomba mwalimu mkuu ruhusa. Machozi yalikuja baadaye, njiani, na hata hapo yalikuwa machache, kwa sababu tayari kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likimkaba: nani atamzika Patroba?

Makaburi hayakukosa wachimbaji kijijini kwao. Lakini Patroba alikuwa amezuiliwa Meza ya Bwana miaka miwili na miezi tisa, na katika kanisa lao dogo la kando ya mto uitwao Sio, mtu aliyezuiliwa hakusomewa maneno ya maziko. Alizikwa na jamaa zake tu, kimya kimya, kama asiyebatizwa. Na aliyemfikisha Patroba hapo hakuwa adui. Alikuwa Edah, dada yake wa tumbo moja, kwa mdomo wake mwenyewe, ndani ya kanisa, akimsifu Mungu.

Patroba Okumu alizaliwa huku upande wa Kenya, mtoto wa kwanza, naye Edah akiwa wa mwisho. Baada ya darasa la sita alipata kazi ya kuogesha ng'ombe kwenye josho, na mwaka wa hamsini na tano akahamia Tororo, kwenye kituo cha mifugo kilichosimamia karantini ya mpakani. Hapo akawa dresa. Alifunga vidonda, alichemsha vyombo, alishika taa na koleo wakati Daktari anapasua. Daktari huyo alikuwa Mzungu mrefu, mpole, asiyependa kusema jambo mara mbili. Patroba naye hakupenda kusema hata mara moja, kwa hiyo walielewana.

Kituo kilikuwa na farasi wanne, walioletwa kwa treni kutoka Kitale ili askari wa karantini wapande wakikagua mpaka. Watu wa sehemu za jirani, Iyolwa na Molo, walikuja siku za kwanza kuwatazama tu. Edeku ndiye aliyewalisha na kuwasugua, na ndiye aliyewapa majina. Farasi ni mnyama mwenye nguvu, lakini tumbo lake ni dhaifu kuliko la mbuzi. Hawezi kutapika. Utumbo wake mwembamba, ambao ni mrefu kiasi cha kuzunguka nyumba, ukijisokota, damu haipiti, na sehemu iliyosokotwa inaanza kuoza akiwa bado amesimama. Hapo dawa ya kunywesha haisaidii. Ni kumpasua, kukata sehemu iliyokufa, na kuunganisha ncha mbili zilizobaki. Ama kumpiga risasi.

Wa kwanza kupasuliwa alikuwa dume mweusi, Agosti ya mwaka wa sitini na mbili. Daktari alikata, akashona. Alishona safu mbili, ya pili akizikunja kingo za utumbo kwa ndani ili uchafu usivuje tumboni, maana ukivuja kidogo tu mnyama amekwisha. Patroba alimimina maji ndani kuujaribu. Halikutoka hata tone. Wote walifurahi. Siku ya nne farasi akafa.

Walipomfungua, mshono ulikuwa mzima kabisa. Ila pale penye mshono palikuwa pameota pete nene ya nyama, na katikati ya pete tundu lisilopitisha hata kidole cha mwisho. Nyasi alizokula zilikuwa zimekwama nyuma yake, zimejaa kama gunia.

"Tumeziba vizuri," Daktari alisema, "mpaka tukaziba njia."

Hayo ndiyo maneno Patroba aliyomsimulia Edah, na Edah aliyasikia mara nyingi, kwa sababu likizo zote za sekondari alikuwa akienda Tororo kumpikia kaka yake. Mkewe Nasirumbi alibaki nyumbani na shamba. Kwa hiyo Edah ndiye aliyeona jinsi Patroba alivyoanza kuleta matumbo ya ng'ombe kutoka machinjioni, nusu ya kula na nusu ya kushona. Baada ya chakula alifuta meza kwa sabuni, akatandaza gazeti, akamwambia, "Nishikie hapa."

Edah alishika ncha mbili kwa vidole, zikiteleza. Patroba alishona. Kwanza safu mbili kama Daktari. Kisha moja. Alipomaliza alipitisha ndani donge la ugali lililoviringwa, akilisukuma kwa nje kama mtu anayekamua. Likikwama, alikata mshono na kuanza upya. Mwezi wa kwanza madonge yote yalikwama au maji yalivuja, moja kati ya hayo mawili. Edah alichoka.

"Kaka, sisi tunakula ugali, hatuushonei nguo."

"Shika vizuri. Unavuta upande."

Polepole alipata njia. Hakukata tena utumbo kwa kukingama kama anayekata muwa, bali kwa mshazari, upande ulioshikwa na utando ukibaki mrefu, upande wa pili ukiwa mfupi zaidi. Hivyo mdomo wa utumbo uliongezeka upana. Na kwa kuwa mishipa ya damu hupita kwenye ule utando, ukingo wote ulipata damu. Kisha safu moja tu ya uzi wa hariri, sindano ikiingia karibu na ukingo, kingo zikikutana ana kwa ana bila kukunjwa sana. Mwisho alishona na tundu lililobaki kwenye utando wenyewe, ili utumbo mwingine usije ukajipenyeza hapo na kunyongwa. Siku donge la ugali lilipopita bila kusita, na maji yasivuje, Patroba aliweka sindano chini. Alinawa, akasali sala ya kulala kama kawaida, ila kwa sauti iliyosikika chumba cha pili.

Alimwonyesha Daktari. Daktari alitazama, akageuza utumbo huku na huku, akauliza ameshona mara ngapi. Patroba akasema hakuhesabu.

Aprili ya mwaka wa sitini na nne, jike mwekundu aliyeitwa Zabibu alianza kujipiga mateke tumboni. Edah alikuwa likizo. Asubuhi walimlaza kwa dawa ya usingizi juu ya nyasi, chini ya turubai lililofungwa kwenye miti minne, kwa maana hapakuwa na chumba cha kumwingiza farasi. Edah alileta maji ya moto, kisha akaambiwa asimame nje ya uzio. Kutoka hapo aliona yote.

Aliona Daktari akipasua na kuingiza mkono mpaka begani. Aliona utumbo ukitolewa, mwingine wa waridi, mwingine mweusi kama ini. Walipousokotoa, hawakukata mara moja. Waliufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji vuguvugu ya chumvi, wakangoja. Patroba aliinama, akautazama muda mrefu, vidole vikipapasa mishipa kwenye utando. Sehemu moja iliyokuwa ya zambarau ikaanza kuwa nyekundu. Nyingine ilibaki nyeusi.

"Hii inarudi," Patroba alisema. "Hii hairudi. Atapona, Bwana Daktari, tukikata kutoka hapa mpaka hapa."

Daktari alikata futi tisa. Kisha akampa Patroba sindano. "Wewe umeshona zaidi yangu," alisema.

Zabibu alisimama jioni hiyo. Siku ya tatu alitoa mavi, na Edeku akakimbia kituo kizima akiyatangaza kama mtu aliyepata mtoto. Baada ya miezi miwili alikuwa anapandwa tena.

Jumapili iliyofuata upasuaji ule Edah alikuwa nyumbani. Wakati wa ushuhuda alisimama mbele ya kanisa zima, moyo ukimjaa. Alisema, "Bwana asifiwe. Kaka yangu amepewa kipawa. Farasi alikuwa anakufa. Kaka yangu akafungua tumbo, akatazama matumbo, akasema, huyu atapona. Na kweli amepona!"

Watu walisema "Amina", lakini wachache, na kwa sauti ya chini. Edah alikaa chini bila kuelewa. Alikuwa msichana wa shule ya bweni. Alisahau jambo ambalo kila mtu mle ndani alilijua tangu utotoni: kwamba pande zile, mwenye kutazama matumbo na kusema nani atapona ni mwaguzi. Huchinja mbuzi, hufungua, husoma utumbo, hutabiri. Kuacha mambo hayo ndiko kulikowafanya wazee wa kanisa lile wawe wazee wa kanisa. Nao walikuwa wameambiwa, na dada wa mtu mwenyewe, kwamba Patroba anaagua kwa matumbo ya mnyama ambaye hata haliwi.

Patroba alipokuja mwisho wa mwezi, wazee watatu walimwita. Aliyeuliza alikuwa Mzee Elphas, msomaji wa kanisa, aliyeongoza ibada mchungaji asipokuwepo, na aliyekuwa pia fundi cherehani wa soko lao.

"Patroba, ni kweli unatazama matumbo ujue kama mnyama atapona?"

"Natazama," Patroba akasema.

"Na unasema?"

"Nasema."

Hakuongeza. Hakuona swali lingine ndani ya lile swali. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya washiriki. Tangu hapo kila alipokuwa nyumbani alikuja kanisani, akakaa benchi la mwisho, na mkate ulipotayarishwa alitoka nje, akasimama kando ya baiskeli yake mpaka wimbo wa mwisho. Hakumuuliza Edah chochote. Edah alikusudia mara nyingi kusimama tena na kueleza. Lakini alikuwa amepewa watoto wa shule ya Jumapili, na aliogopa kunyang'anywa. Kila robo mwaka alisema, robo ijayo. Daktari akarudi kwao Ulaya. Edah akamaliza sekondari, akaanza kufundisha.

Jumatano mchana, kesho yake baada ya Edeku kuleta habari, lori lilileta sanduku. Jioni ile Edah alikwenda dukani kwa Mzee Elphas, akamkuta anafunga cherehani.

"Pole sana, binti yangu," Mzee Elphas alisema. "Alikuwa mtu mtulivu. Lakini najua kinachokuleta, na siwezi. Mimi si mchungaji, mimi ni msomaji tu. Jina halimo."

"Mzee, hakuwa anaagua. Alikuwa anashona."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema vibaya. Muulize Edeku, alikuwepo."

"Huyo Mteso? Si ni mwenzake? Atasema nini?" Alitikisa kichwa, bila ukali. "Nenda umfariji Nasirumbi. Kesho saa tisa tutakuja, tutasimama nanyi. Kitabu cha sala sitaleta."

Alhamisi asubuhi walichinja ng'ombe wa waombolezaji. Wanawake walipeleka matumbo kijitoni kuyaosha, Edah akiwa miongoni mwao, na shangazi yao Selpher akitoa amri kama kawaida yake. Edah aligeuza utumbo, akamwaga uchafu, akausuuza, akausikia tena ule utelezi wa Tororo vidoleni. Kisha alichukua kisu, akakata kipande. Akakikata tena katikati, kwa mshazari. Akatoa sindano na uzi kwenye ncha ya leso.

"We Edah! Hayo ni ya watu kula," Selpher alipaza sauti. "Au sekondari mlifundishwa kumshonea ng'ombe suruali?"

Wanawake wawili walicheka, wakakumbuka kuna msiba, wakanyamaza.

"Shangazi, naomba unishikie hapa."

"Mimi? Nishike uchawi wenu?"

"Shika tu, shangazi. Ukiona uchawi, achia."

Selpher alishika, akinung'unika. Edah alishona vibaya. Hakuwahi kuwa mshonaji, alikuwa mshikaji, na mara mbili ilimbidi afungue na kuanza upya. Alimtuma mwanamke mmoja amwite Mzee Elphas, aliyekuwa amekuja mapema kukaa na wanaume. Alikuja akitembea polepole, akasimama mbali na karai la matumbo kama anayeogopa kurukiwa.

"Haya ni nini, binti, siku kama ya leo?"

"Ndiyo kazi aliyokuwa akifanya. Njoo uione, halafu uniambie ni dhambi ipi."

Hakusogea. Edah akaendelea kushona huku akieleza, kwa sauti ile ile anayotumia darasani: dume mweusi, safu mbili, mshono usiovuja, farasi aliyekufa.

Mzee Elphas alikunja uso. "Safu mbili, na upindo kwa ndani?"

"Ndiyo."

"Kwenye kitu cha mviringo?" Akasogea hatua moja. "Lazima ibane. Hata mkono wa shati, ukiupindia ndani mara mbili, mwenye shati hatoi kiganja. Nani alimfundisha huyo Mzungu?"

"Ndiyo sababu Patroba alikata mshazari."

"Ee, mshazari." Alichuchumaa. Alichukua utumbo mikononi mwa Selpher, akauinua machoni kama anavyoinua nguo ya mteja. "Mdomo unapanuka. Safu moja. Mishono yako ni ya hovyo, lakini naona alichotaka." Edah akamimina maji kwa kikombe. Yalipita, yakatoka upande wa pili, machache yakivuja palipokosewa. Mzee Elphas akaweka kidole kwenye uvujaji ule.

"Na kutazama?" aliuliza. "Alikubali mwenyewe kwamba alitazama."

"Alitazama rangi. Utumbo ukiwa mweusi, umekufa, unakatwa. Ukirudi mwekundu, damu imefika, unaachwa. Basi. Utumbo haukumwambia habari za mtu yeyote, Mzee. Ulimwambia wapi pa kupitisha mkasi."

"Mbona hukusema haya siku ile?"

"Siku ile sikujua mmesikia nini. Baadaye nilijua, na nikaogopa mtaninyang'anya watoto wa Jumapili."

Hakuna aliyecheka sasa. Selpher alikuwa anajifuta mikono kwenye nyasi, akiifuta zaidi ya ilivyohitaji.

"Nasi tulimuuliza swali moja tu," Mzee Elphas alisema. "Na alijibu kweli." Alirudisha utumbo kwenye karai, akanawa kijitoni. "Kumrudishia jina siwezi peke yangu. Hilo ni la wazee wote na mchungaji, na mchungaji atakuja Pasaka. Kanisani hataingia, kengele haitapigwa. Lakini kaburini nitasoma. Wakiniuliza, nitajibu mimi."

Edah alitaka kuomba zaidi. Aliomba kengele. Mzee Elphas akasema hapana, na akaondoka kwenda nyumbani kwake kuchukua kitabu.

Patroba Okumu alizikwa siku hiyo, Januari mwaka wa sitini na saba, saa tisa na nusu alasiri, upande wa kushoto wa nyumba yake. Sanduku lilibebwa na ndugu watatu na Edeku, aliyekuja asubuhi kwa baiskeli. Watu walikuwa kama mia moja na hamsini. Mzee Elphas, akiwa na koti bila kanzu ya kanisa, alisoma zaburi na maneno ya kurudisha mwili mavumbini, akikwama mara moja kwenye jina. Wazee wengine wawili walisimama nyuma, mikono nyuma, hawakuitikia sala lakini hawakuondoka. Nasirumbi alitupa udongo kwanza, kisha watoto wake, kisha Edah. Waliimba wimbo mmoja. Wanaume walifukia mpaka tuta likainuka, wakalipigapiga kwa majembe, na watu wakaanza kutawanyika, wale wa mbali kwanza. Edeku alimpa Edah mkono, akapanda baiskeli kuelekea Tororo, kwa sababu farasi walikuwa hawajapewa maji tangu asubuhi.